Mkopo wa HELB: Namna ya kuuomba na kuulipa
MWANAFUNZI Mkenya anayepata nafasi chuoni ilhali wazazi wake hawamudu karo anaweza kuomba mkopo wa serikali kutoka kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyobuniwa kwa sheria ya bunge mwaka 1995.

Mikopo yenyewe ilitangulia bodi hiyo. Mnamo 1974 serikali ilianzisha mpango wa kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu, lakini haukuwa na mbinu thabiti za kudai madeni, na wengi walidhani fedha hizo ni za bwerere. Ndiposa sheria ya 1995 ikaipa bodi mamlaka ya kudai hata kupitia kwa waajiri.

Maombi hufanywa mtandaoni. Mwombaji huhitaji kitambulisho cha kitaifa, nambari yake ya mtihani wa KCSE na stakabadhi za wazazi au walezi. Yatima huambatisha vyeti vya vifo vya wazazi. Asiyekuwa navyo sharti aanze kuvitafuta mapema, kwani makataa hayamsubiri mtu. Aidha, maombi hurudiwa kila mwaka: aliyekopeshwa mwaka wa kwanza akinyamaza, wa pili hukosa.

Kiasi hutegemea uhitaji, hivyo anayeficha ufukara wa kwao kwa kuona haya hujipunja.

Riba kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, na malipo huanza ndani ya mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Sheria inaruhusu mkaidi atozwe faini ya Sh5,000 kila mwezi.

Dawa ya deni ni kulipa: fedha zinazorejeshwa ndizo wanazokopeshwa wanaofuata.