Mama Aliyechangisha Pesa za Swali

Kuchanga tunajua. Mtu akilazwa leo, kabla ya jioni kuna kikundi cha WhatsApp, kuna nambari ya paybill, na kuna mhazini anayebandika orodha ya waliotuma na kiasi walichotuma. Bili ikilipwa, kikundi kinanyamaza, watu wanaanza kutoka mmoja mmoja. Harambee zetu za ugonjwa ziko hivyo: tunalipia matibabu ambayo tayari yapo mahali, iwe ni hapa Nairobi au India. Sasa je, kama matibabu yenyewe hayapo popote duniani, utachangisha pesa za nini?

Swali hilo lilimpata Sue Byrnes, mama wa Cincinnati, Marekani, katikati ya miaka ya 1990. Bintiye, msichana wa miaka ishirini na kitu, aliambiwa ana ugonjwa wa mapafu wenye jina refu hivi kwamba hata madaktari hulikata na kuuita LAM tu. Huwashika karibu wanawake pekee, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa. Seli zinazofanana na za misuli huenea kwenye mapafu, yanatokea mashimo yaliyojaa hewa, na pumzi inapungua mwaka baada ya mwaka. Wakati mwingine pafu linaporomoka ghafla. Wengi huambiwa ni pumu, na wanatibiwa pumu kwa miaka kabla mtu hajawapiga picha ya CT.

Dawa haikuwepo. Kwa vile ni ugonjwa wa wanawake, madaktari walijaribu kuzuia homoni, bila ushahidi wa maana kwamba inasaidia. Sheria ilikuwepo: tangu 1983 Marekani ilikuwa inazipunguzia kodi kampuni zinazotengeneza dawa za magonjwa adimu, na kuzipa miaka 7 ya kuuza bila mshindani. Lakini kampuni gani itatengeneza dawa ya ugonjwa ambao hakuna anayejua chanzo chake?

Mwaka 1995 Byrnes akaanzisha LAM Foundation. Hakuwa daktari, kwa hivyo alishirikiana na Frank McCormack, mtaalamu wa mapafu wa Chuo Kikuu cha Cincinnati. Pesa walizochangisha zilikwenda kwa watafiti kama ruzuku. Lakini pesa zilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuwatafuta wagonjwa wenyewe, maana kila mmoja alidhani yuko peke yake. Zaidi ya wanawake 200 waliandikishwa kwenye rejista ya taifa, wakapimwa mapafu na kufuatiliwa. Wengine, walipopandikizwa mapafu mapya, yale ya zamani waliyatoa yachunguzwe.

Mwaka 2000, Elizabeth Henske na wenzake huko Philadelphia walipata hitilafu kwenye seli za LAM: jeni iitwayo TSC2 ilikuwa imeharibika. Jeni hiyo haikuwa mpya. Ilitambuliwa 1993 na watu waliokuwa wakichunguza ugonjwa mwingine. Muda si muda, wanasayansi wanaofuga nzi wadogo wa matunda wakaonyesha inafanya nini: ni breki. Ikikatika, swichi ya ukuaji iitwayo mTOR inabaki imewashwa, na seli zinaongezeka tu.

Na dawa ya kuzima swichi hiyo? Ilikuwa tayari kwenye maduka ya dawa.

Ilianzia kwenye udongo. Mwaka 1964 madaktari wa Kanada walisafiri kwa meli hadi Rapa Nui, kisiwa kilichoko mbali katika bahari ya Pasifiki, wakarudi na sampuli. Katika maabara ya Ayerst, Montreal, ndani ya udongo huo ilipatikana bakteria inayotoa kemikali ambayo waliiita rapamycin, kwa jina la kisiwa. Kampuni ilipoihama maabara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, mradi uliwekwa kando. Mtafiti mmoja, Suren Sehgal, aliiweka bakteria hiyo kwenye friza ya nyumbani kwake, pale familia inapoweka chakula. Mwaka 1999 dawa iliidhinishwa, kwa kazi tofauti: kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa.

Ilibaki kuijaribu kwa wanawake wa LAM. Jaribio liliitwa MILES, nao 89 wakajitokeza kutoka Marekani, Kanada na Japani. Hebu fikiria: pumzi yako inaisha, halafu unakubali kumeza vidonge mwaka mzima bila kujua kama ni dawa au ni vidonge vitupu. Karibu nusu walipewa vitupu, na mapafu yao yakaendelea kudhoofika. Ya waliopewa dawa yalitulia. Matokeo yalichapishwa 2011, na mwaka 2015 ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa kwa LAM. Haiponyi. Ukiiacha, mapafu yanaanza kushuka tena.

Utasema ni bahati, na ni kweli. Byrnes hakufuga nzi wala hakukanyaga Rapa Nui. Lakini majibu ya wengine yalipofika, yalikuta orodha ya majina, mapafu kwenye maabara, na wanawake waliokuwa tayari kujaribiwa. Bila hayo, dawa ingebaki kwenye rafu ya wagonjwa wa figo, nao wangeendelea kupewa inhela.

Najua ni rahisi kusema haya kama si jamaa yako anayezuiliwa wodini kwa sababu ya bili. Bili lazima ilipwe. Ila kile kikundi tunachokiacha kife bili ikishalipwa, na majina yote yaliyomo, ndicho yule mama alikataa kukifunga.