Lubumbashi, Kituo Kilichomtengeneza Mbwana Samatta

Katika shughuli za usajili wa soka, mshambuliaji wa kuhamahama ni yule ambaye miaka yake ya uchezaji hugawanyika katika klabu nyingi na nchi kadhaa, ama kwa kuuzwa, ama kwa mkataba kumalizika, ama kwa kutolewa kwa mkopo, yaani kuichezea klabu nyingine kwa muda huku mkataba wake ukibaki kwa klabu inayommiliki. Tanzania, ambako kwa miongo mingi kilele cha mchezaji mahiri kilikuwa Msimbazi kwa Simba au Jangwani kwa Yanga, ilichelewa kumpata mtu wa namna hiyo katika ngazi za juu, na aliyeifungua njia hiyo mpaka mwisho wake ni Mbwana Ally Samatta, aliyezaliwa Dar es Salaam tarehe 23 Desemba 1992 na kukulia Mbagala. Habari zake husimuliwa zaidi kwa kuanzia Januari 2020, alipokuwa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya England, ingawa kipindi hicho kilikuwa kifupi na, kisoka, si chenye uzito mkubwa kuliko vingine.

Uzito uko mwaka 2011. Samatta, aliyetoka African Lyon na kuingia Simba mwaka 2010, alikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa Afrika, wakati ambapo klabu hiyo ya Kongo ilikuwa imetwaa taji hilo mara mbili mfululizo, 2009 na 2010, na kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Mazembe ilishinda uwanjani, lakini Simba ilipinga uhalali wa mchezaji Janvier Besala Bokungu, na Shirikisho la Soka Afrika, CAF, likaiondoa Mazembe mashindanoni. Pamoja na kuumizwa mezani na Simba, mwaka huohuo Mazembe ilirudi Msimbazi kwa fedha na kuwachukua wachezaji wawili, Samatta na kiungo wa Uganda Patrick Ochan. Kinyongo, inaelekea, hakikupewa nafasi katika hesabu za Moïse Katumbi, mwenye klabu na gavana wa Katanga wakati huo.

Kwa kijana wa Mbagala, Lubumbashi haikuwa ugenini kamili. Mji huo ulioinuliwa na migodi ya shaba hutumia Kifaransa ofisini na shuleni, lakini sokoni na mitaani huzungumza Kiswahili, chenye lafudhi na msamiati wake, kiasi kwamba mgeni kutoka pwani huelewana na wenyeji tangu siku ya kwanza. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, alikuwapo pia. Klabu ilikuwa na uwanja wake Kamalondo na ilikuwa na kawaida ya kufika hatua za mwisho za mashindano ya Afrika, mambo ambayo klabu za Dar es Salaam za wakati huo hazikuweza kumpa mshambuliaji anayetaka kupevuka.

Upevu huo ulionekana wazi mwaka 2015. Samatta alifunga mabao matatu katika ushindi wa 5-0 dhidi ya Moghreb Tétouan ya Morocco, akafunga katika mikondo yote miwili ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya USM Alger, 2-1 huko Algiers na 2-0 Lubumbashi, na akamaliza akiwa miongoni mwa wafungaji bora kwa mabao 7. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo akajiunga na Genk ya Ubelgiji.

Genk ilimpa taji la ligi msimu wa 2018/19, alipofunga mabao 23 ya ligi, pamoja na Kiatu cha Ebony, tuzo anayopewa mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji. Novemba 2019, ndani ya Anfield, aliifunga Liverpool kwa kichwa kutokana na kona. Aston Villa ya England ilipomchukua miezi miwili baadaye, alifunga dhidi ya Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya ligi, kisha katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amepelekwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Antwerp, kisha Genk tena, PAOK ya Ugiriki iliyotwaa ubingwa mwaka 2024, na Le Havre ya Ufaransa zilifuata.

Kila uhamisho wa aina hiyo huacha pia alama ya fedha. Kanuni za FIFA hutenga mchango wa mshikamano, ambao ni asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa, ugawiwe kwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa miaka minne ya mwanzo, na 0.5 kwa kila msimu unaofuata. Kwa ada ya Villa, iliyotajwa kuwa takriban pauni milioni 8.5, msimu mmoja wa ngazi ya juu ni sawa na pauni 42,500, na kwa kuwa Samatta aliishi Lubumbashi tangu akiwa na miaka 18 hadi alipofikisha 23, misimu mingi ya ngazi hiyo inaangukia Kongo, si Dar es Salaam.

Mgawo hufuata pasipoti ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya usajili wake msimu kwa msimu. Lakini kumbukumbu hizo hazipo kila mahali: katika Lugoba, Msata na Chalinze, mkoani Pwani, ambako malori ya kokoto hupita kando ya viwanja vya vumbi, soka la vijana huchezwa zaidi kwa mtindo wa ndondo, mashindano ya mtaani yasiyo ya ligi rasmi, na timu ya ndondo ambayo haikumsajili kijana katika chama cha soka haina karatasi ya kudai chochote, hata kama mfungaji huyo alijifunzia kupiga kichwa hapohapo.