Walivyokuwa wakichelewa: historia ya kumpiga picha mdudu akikamata

Tazama picha za karibu za wadudu wawindaji, utaona kwamba karibu zote ni za mlo, si za uwindaji. Vunjajungu keshamkumbatia panzi, na kichwa cha panzi hakipo tena. Kereng'ende ametua kijitini, nzi yuko kinywani, bawa moja limechomoza nje. Mpiga picha amefika kama polisi wa filamu za Kihindi, mambo yamekwisha.

Huo si uzembe. Vunjajungu huichomoa miguu yake ya mbele na kuifumba juu ya panzi katika muda usiozidi sehemu moja ya kumi ya sekunde hivi. Kisha upigaji wa karibu una kero zake. Kadiri unavyomkuza mdudu ndivyo mwanga unavyopungua, na ndivyo sehemu inayoonekana vizuri inavyozidi kuwa nyembamba: jicho linang'ara, mguu umekuwa ukungu. Ukibana tundu la lenzi ili mdudu mzima aonekane, mwanga unapungua tena. Dawa ya zamani ilikuwa kuiacha lenzi wazi kwa muda mrefu, na mdudu aliye hai hana subira hiyo.

David Fairchild, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alimaliza ubishi kwa kuwaua. Yeye na mkewe Marian, binti wa Alexander Graham Bell, waliwapiga picha wadudu wa nyumbani kwao Maryland kwa kamera ndefu ya futi 12. Kitabu chao, Book of Monsters, kilitoka mwaka 1914, na nyuso zilizomo zinatisha hadi leo. Lakini ni maiti zilizopangwa miguu zikaonekana kama zinasimama. Mwindaji yupo, uwindaji haupo.

Ajabu ni kwamba ufunguo wa fumbo hilo ulikuwa umeshapatikana Paris miaka kumi kabla. Mwaka 1904 Lucien Bull, mzaliwa wa Dublin aliyekuwa msaidizi wa Étienne-Jules Marey, mtafiti wa mwendo wa viumbe, aliacha kabisa kutegemea kufungua na kufunga lenzi. Alifunga filamu kwenye pipa linalozunguka kwa kasi, kisha akamulika kwa cheche za umeme, kila cheche picha moja, mpaka zaidi ya picha 1,000 kwa sekunde. Tatizo likabaki moja. Filamu ya pipani ilitosha picha chache tu, kwa hiyo ilikwisha kufumba na kufumbua. Nani angejua sekunde ya kuanza? Bull alimbana mdudu kwa kibanio chepesi kilichounganishwa na kamera. Mdudu alipochomoka kuruka, yeye mwenyewe ndiye aliyeiwasha. Kwa maoni yangu hakuna uvumbuzi mkubwa kuliko huo katika historia hii yote, hata lenzi za bei mbaya zilizokuja baadaye.

Ila wa Bull alikuwa anaruka tu, hakuwa anakamata. Waliotuonyesha mauaji kwa kirefu ni Gerald Thompson na fundi wake Eric Skinner wa Oxford, katika filamu yao ya mwaka 1961 kuhusu nyigu wa mti na maadui zake. Nyigu mmoja anatoboa mti kwa mrija wake mwembamba wa kutagia, anamfikia buu aliyejificha ndani, anaacha yai juu yake. Nyigu wa aina nyingine anakuja nyuma, anapitisha mrija wake kwenye tundu lile lile lililokwisha tobolewa, na mtoto wake ndiye anayekuja kula. Wizi juu ya mauaji! Mwaka 1968 Thompson na wenzake walianzisha kampuni ya Oxford Scientific Films.

Katika miaka ya 1970 Mwingereza Stephen Dalton aliirudia hila ya Bull kwa namna yake: mdudu aliyeruka huru alikata mwali wa mwanga, na flashi ya sehemu moja ya 25,000 ya sekunde ikawaka. Picha yake moja ya mdudu angani iliwekwa kwenye rekodi za dhahabu zilizorushwa pamoja na vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977.

Bado kuna wanaomtia mdudu kwenye friji ili apoe, kisha wampange na chakula chake. Picha hutoka safi, na mtazamaji hudanganywa.

Walioufikia mkamato wenyewe ni watu wa maabara, na picha zao hazivutii hata kidogo: za kijivu, hazina ua wala umande. Mwaka 2006 kundi la Sheila Patek lilipiga picha sisimizi wa jamii ya Odontomachus kwa kasi ya hadi picha 50,000 kwa sekunde, likakuta taya zake zikifunga kwa kasi ya juu ya mita 64 kwa sekunde, yaani kama kilomita 230 kwa saa. Mwaka 2015 kundi la Anthony Leonardo, huko Virginia, lilimbandika kereng'ende alama ndogo zinazorudisha mwanga, likafuatilia kichwa na mwili wake akimkimbilia nzi. Picha zilionyesha kwamba hamfuati tu nzi alipo. Anakadiria atakapokuwa, na kichwa kinageuka kwa wakati ule ule mwili unapogeuka, ili nzi asitoke machoni mpaka miguu imfikie kutoka chini.