Sindano ikikuchoma kazini: kundi la WhatsApp linavyoweza kuwalinda wahudumu wa afya

Ukifika zahanati na mtoto anachemka homa, macho yako yote yako kwa mtoto. Ni nadra kumtazama nesi anayemdunga sindano na kujiuliza kama yeye yuko salama. Nesi huyo huenda ni mdogo wako, au binti wa jirani aliyepangiwa kazi Endulen au Mang'ola.

Hatari yao ya kila siku ni sindano iliyokwisha kutumika. Ikimchoma mhudumu inaweza kumwambukiza virusi vya Ukimwi (VVU), homa ya ini B au homa ya ini C. Kwa VVU, uwezekano ni kama watu 3 katika kila 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi. Homa ya ini B ndiyo balaa zaidi: kwa asiyechanjwa, ni kati ya watu 6 na 30 katika kila 100. Chanjo yake ipo.

Kinachoumiza ni ukimya. Mtu anachomwa, anafuta damu, anaendelea na kazi, akiogopa kuitwa mzembe au kuogopa majibu ya kipimo. Na muda haungoji. Anatakiwa kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni bila kulikamua, kisha amwambie mkuu wa kituo siku hiyo hiyo. Dawa kinga ya VVU, ile wanayoiita PEP, huanza mapema iwezekanavyo, ikipendeza ndani ya saa 2, na isipite saa 72. Humezwa siku 28.

Hapo ndipo simu inasaidia. Kwetu vituo vimetawanyika, na semina haifiki kila zahanati. Ujumbe wa sauti wa dakika moja unafika: usirudishie kifuniko cha sindano, itie kwenye kisanduku cha usalama palepale, na kisanduku kikijaa robo tatu kifungwe. Ujumbe mfupi unaorudiwa kila wiki, nionavyo mimi, unashinda faili la kurasa 40 linalomaliza bando.

Ujumbe uwe na tarehe na jina la ofisi iliyoutoa. Marburg ilitangazwa Kagera Machi 2023, na miongoni mwa waliougua walikuwepo wahudumu wa afya. Ikatangazwa tena Kagera Januari 2025. Ujumbe wa mlipuko wa kwanza ukisambazwa bila tarehe wakati wa pili, nani atajua upi ni wa leo?

Picha ya mgonjwa isiingie kundini, hata uso ukifichwa. Jina la aliyechomwa nalo lisitajwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za afya. Tena kuandika kundini si kutoa taarifa rasmi. Ajali iandikwe kwenye kitabu cha kituo, maana mwajiri ndiye anayepaswa kuipeleka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF.

Kuna mtu mmoja makundi haya humsahau: mfanya usafi. Yeye ndiye hubeba taka hadi kwenye kichomea taka, na mara nyingi ana kitochi tu, hana WhatsApp. Mkuu wa kituo anaweza kuicheza sauti ile asubuhi kwa spika ya simu, wote wakiwa wamesimama hapo, kabla foleni ya wagonjwa haijaanza.