Matundu ya hewa nyumbani: La kuingizia na la kutolea yawekwe wapi?

Katika miji ya mipakani kama Namanga, Busia, Malaba, Tunduma na Kasumbalesa, wafanyabiashara wengi huishi nyuma ya duka au juu ya stoo, mita chache kutoka mahali malori yanapolala yakisubiri kuvuka. Madereva na utingo nao hulala katika nyumba za wageni zilizo kwenye mazingira hayo hayo. Nyumba za namna hiyo zinahitaji hewa safi kuliko nyingine, lakini mara nyingi matundu yake ya hewa hutobolewa pale fundi alipoona panafaa, pasipo hesabu.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kulala katika nyumba ya wageni ya aina hiyo. Feni ya kutolea hewa ilikuwa nzima na ilizunguka usiku kucha. Tatizo ni kwamba tundu pekee la kuingizia hewa lilitazama maegesho. Kadiri feni ilivyovuta, ndivyo moshi wa ekzosi ulivyoingia chumbani.

Suala hili si la starehe tu. Mwaka 2012, Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), uliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Aidha, WHO inakadiria kuwa moshi wa majumbani, hasa wa kupikia, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Kanuni ya msingi

Hewa haitoki chumbani kama hakuna nyingine inayoingia. Kwa hiyo kila tundu la kutolea lazima liwe na mwenzake wa kuingizia. Hewa iingie upande ulio safi, ipite sebuleni na vyumbani, itokee jikoni, bafuni na chooni. Chini ya kila mlango wa ndani iachwe nafasi ya sentimita 1 hadi 2 ili hewa ipite hata mlango ukifungwa.

Matundu hayo mawili yasikae karibu. Yakiwa pamoja kwenye ukuta mmoja, hewa safi huingia na kuvutwa nje hapo hapo bila kuzunguka chumba. Yawekwe kuta zinazotazamana: la kuingizia chini kidogo, la kutolea juu karibu na dari, kwa kuwa hewa ya joto hupanda.

Tundu la kuingizia

Kiwango namba 62.2 cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa mifumo ya hewa chenye makao yake Marekani, kwa ujumla kinataka tundu la kuingizia hewa liwe mbali na chanzo cha uchafu kwa angalau futi 10, yaani mita 3. Vyanzo hivyo ni pamoja na ekzosi za magari, mabomba ya moshi na matundu ya kutolea hewa chafu. Kwetu ongeza bomba la hewa la choo, chemba za maji taka, jalala na banda la mifugo.

Kwa nyumba iliyo kando ya barabara kuu, tundu liwekwe upande wa pili wa nyumba, si upande wa malori. Liinuliwe kutoka ardhini ili lisivute vumbi wala kurushiwa maji ya mvua.

Upepo nao uangaliwe. Katika pwani ya Kenya na Tanzania, kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, na kusi hutoka upande wa kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba. Kwa hiyo, pasipo kizuizi, ukuta wa mashariki unafaa kuingizia na wa magharibi kutolea. Bara, tazama moshi wa majiko unaelekea wapi asubuhi na jioni.

Tundu la kutolea

Hewa chafu itolewe hadi nje kabisa. Mafundi wengine huishia kuitoa darini, ambako mvuke hulowesha mbao za paa na kuziozesha. Bomba liwe fupi na lenye kona chache, kwa kuwa kila kona hupunguza nguvu ya feni. Lisielekezwe kwenye dirisha la jirani. Mdomoni liwe na kifuniko cha kuzuia mvua na kinachojifunga feni inapozimwa.

Jenereta na jiko la mkaa

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Vyote viwili hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu akiwa usingizini. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri jenereta iwe angalau futi 20, yaani mita 6 hivi, kutoka mlango, dirisha au tundu lolote. Jiko la mkaa lisilazwe chumbani. Feni pia haliondoi hatari: kama inavuta kwa nguvu na hakuna tundu la kuingizia, inaweza kurudisha moshi ndani.

Ukubwa na ununuzi

Kiwango hicho cha ASHRAE kinataka feni ya bafuni inayowashwa kwa kuhitajika itoe lita 25 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 90 kwa saa. Ya jikoni juu ya jiko lita 50. Boksi likiandikwa CFM, zidisha kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa.

Kwa mita za ujazo 90, tundu la kuingizia la sentimita 25 kwa 10 linatosha likiwa wazi. Likiwekwa wavu wa mbu, ambao ni wa lazima katika maeneo yenye malaria, liongezwe ukubwa, na wavu usafishwe vumbi mara kwa mara.

Kwa wanaoagiza feni kutoka nje: nchi za ukanda huu hutumia umeme wa volti 220 hadi 240, hezi 50. Feni ya volti 110 itaungua.

Jambo la mwisho ni gharama. Kuhamisha tundu kwenye ramani ni kazi ya penseli na kifutio. Kulihamisha baada ya plasta na rangi ni kulipa fundi mara mbili. Mwenye kujenga na aanze kwa kuuliza malori yatalala upande gani.