Mtambo wa Kuvunia na Wenyewe

Wasikilizaji wetu, mkulima akibuni chombo chema shambani mwake, je, ni mali yake peke yake, au ni cha majirani wote? Sisi tuliozoea kuombana mbegu bila malipo twaweza kudhani jibu ni jepesi. Natusikilize kwanza habari za mtambo wa kuvuna ngano.

Zamani ngano ilikatwa kwa mundu, na wavunaji wakikawia nafaka hupukutika. Huko Uskoti alikuwako mwana wa mkulima, jina lake Patrick Bell, aliyekuwa akisomea uchungaji. Siku moja aliuona mkasi wa bustani, akawaza: mikasi mingi ikipangwa safu moja na kusukumwa na farasi, je, haitavuna? Akatandaza udongo bandani, akapanda mabua ya nafaka moja moja kwa mkono, akaujaribu mtambo humo kwa siri. Mwaka 1828 yeye na nduguye wakautoa shambani, tena usiku, watu walipokwisha lala. Ukakata barabara!

Bell hakutaka hati ya serikali ya kuwakataza wengine wasiuige. Alitaka wakulima wote wafaidi. Chama cha kilimo kikamtunza pauni 50. Lakini mafundi wa huku na huku wakauiga, wengine vibaya, wala hapakuwa na wa kuwazuia, na sifa ya mtambo ikapungua. Ukarimu wake twausifu. Hata hivyo mkulima aliyeuziwa mtambo mbovu alifaidi nini?

Marekani mambo yalikwenda vingine. Cyrus McCormick wa Virginia aliujaribu mtambo wake mwaka 1831, akapata hati mwaka 1834, ya miaka 14. Mwaka 1847 akajenga kiwanda Chicago. Mwaka uliofuata muda wa hati ukaisha. Akaomba aongezewe, akakataliwa, na wengine wakawa huru kuunda. Hakufilisika, maana kiwanda chake kilikuwa kimekwisha tia mizizi.

Lakini katika kazi ile ya Virginia alikuwako msaidizi, Jo Anderson, mtumwa wa jamaa ya McCormick. Hatini jina lake halimo. Tena mwaka 1858 mwanasheria mkuu wa Marekani alikata shauri ya kuwa chombo alichobuni mtumwa hakiwezi kupewa hati: mtumwa hapewi kwa kuwa si raia, na bwana wake hapewi kwa kuwa si yeye aliyekibuni.