Nusu Karne na Jembe Begani, Mshahara Sifuri: Watu Nyuma ya Njia ya Kilomita 3,500

Ukitafuta picha za Appalachian Trail mtandaoni, utakutana na vijana wamesimama juu ya mwamba, mabegi mgongoni, mikono hewani, nyuma yao milima mpaka macho yanachoka. Njia hiyo ya kutembea kwa miguu iko mashariki mwa Marekani. Inaanzia Georgia, inaishia Maine, inapita majimbo 14, na ina urefu wa karibu kilomita 3,500. Yaani Dar hadi Mwanza mara tatu. Anayeimaliza anamwagiwa pongezi, wengine wanaandika hadi kitabu. Ila aliyefanya njia ipitike hayupo kwenye picha hata moja.

Stori ilianza 1921. Bwana mmoja mtaalamu wa misitu aliandika makala kwenye jarida, akitaka watu wa mijini wapate pa kupumulia. Makala ilipendwa, lakini miti haikatwi na makala. Aliyeingia porini kwelikweli ni wakili mmoja mzaliwa wa Maine, mtu mkali asiyependa longolongo, ambaye alikuwa akisukuma gurudumu la baiskeli lenye kifaa cha kuhesabu umbali ili ajue kila kipande kina urefu gani. Nyuma yake walikuwepo wanachama wa vilabu vya matembezi: watu wa kazi za kawaida, ambao siku zao za mapumziko waliamua kuzimalizia kwenye miiba.

Na bifu lilikuwepo, usidhani. Miaka ya 1930 serikali ilijenga barabara ya magari juu ya milima ya Virginia, palepale njia ilipopita. Mwenye wazo alitaka barabara ipingwe. Wakili yeye alisema njia isogezwe pembeni, kazi iendelee. Urafiki wao ukafia hapo. Kazi haikufa: vijana wa mradi wa ajira wa serikali nao walisaidia sehemu kadhaa, na tarehe 14 Agosti 1937 kipande cha mwisho kikafunguliwa huko Maine.

Furaha ilidumu mwaka mmoja tu. 1938 kimbunga kikaangusha miti kibao upande wa kaskazini, kisha vita kuu ya pili ikawachukua wenye nguvu. Majani yakarudi na alama zikafutika.

Hapo ndipo anaingia bibi mmoja wa Ohio, mama wa watoto 11. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67, aliwaambia wanawe anakwenda kutembea, basi. Alitembea njia nzima peke yake, miguuni raba za kawaida, begani mfuko aliojishonea mwenyewe. Waandishi wa habari walimkimbilia, na bibi hakuwaficha: njia ilikuwa mbovu, alama hazionekani, miti imelala kila mahali. Aibu hiyo ilisaidia watu wengi zaidi kukumbuka kwamba njia inahitaji kutunzwa.

Kutunza kwenyewe kukoje? Mpaka leo njia imekatwa vipande, na kila kipande kina mtu au kikundi chake cha kujitolea. Adui mkubwa ni maji. Mvua ikinyesha, maji yanafuata njia kama mtaro na kuichimba hadi ibaki mawe matupu. Kwa hiyo unalaza gogo au mawe kwa mshazari ili maji yatoke pembeni, halafu unarudi tena na tena kuzoa majani na tope vilivyoziba. Ukipumzika msimu mmoja tu, maji yanashinda. Kuna kupaka rangi zile alama nyeupe kwenye miti, na kuna kukata magogo yaliyoanguka. Ila kwenye maeneo yaliyolindwa na sheria ya 1964, msumeno wa injini ni marufuku. Hapo mnabeba msumeno mrefu wa watu wawili, mnapanda nao mlima, mnavutana mpaka gogo likatike.

Kuna miaka saa za hao wa kujitolea zikijumlishwa zimepita 200,000. Wapo waliofikisha miaka 25, na wachache 50, na taasisi inayosimamia njia huwatambua kwa tuzo. Pesa hakuna. Hebu piga hesabu: mtu aliyeanza akiwa na miaka 20 anaitwa mbele akiwa na 70, magoti yameshachoka, anapigiwa makofi, kisha anaulizia lini zamu ijayo. Mastaa kibao wanapewa tuzo kubwa kuliko hiyo kwa kazi ya miezi mitatu.

Septemba 2024 kimbunga Helene kilipiga kusini mwa njia. Mamia ya kilomita yalifungwa, madaraja yakasombwa, na sehemu nyingine miti iliangukiana kiasi kwamba huoni hata ardhi. Barabara zilipoanza kupitika, wa kwanza kupanda milimani ni walewale, wengi wao wastaafu wenye mvi, na misumeno yao mabegani. Kipande baada ya kipande, njia ikaanza kufunguliwa tena. Watembeaji wakarudi, na picha zao juu ya mwamba zikarudi pia.